Krismasi ya Ofisini

Raskazone ukumbini, tumealikwa kwa kadi,
Bosi kofia kichwani, ya nchi yenye baridi,
Jasho lashuka shingoni, naye agawa zawadi,
Nami kiti cha pembeni, chupa natunza idadi.

Saa tatu imefika, Semboja yuko mezani,
Nyongeza anaitaka, na kipaza mkononi,
Mhasibu amecheka, wigi limo pilauni,
Nami kiuno chawaka, nakikalia kitini.

Bosi akaja na wito: "Njoo tucheze, Sihaba!"
Nikadai nina joto, na wali nimeushiba,
Akakumbatia puto, likapasuka kwa huba,
Kicheko kikawa moto, nikakitia mkoba.

Zawadi nimeipata, kikombe chenye mzungu,
Bodaboda naiita, ninavyo viatu vyangu,
Jumatatu watateta, la Semboja, silo langu,
Ngamiani nitakata kiuno, chumbani kwangu.