Bei ya Herufi

Mia mbili kila herufi.
Nukta bure. Alama ya mshangao nahesabu,
maana nayo yataka mkono.

Ndivyo tulivyopatana, mimi na Bwana Sechambo,
nyuma ya Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani,
basi lake limeng'olewa viti,
limebaki bati na mwangwi,
nami nimepiga magoti na kopo la rangi nyekundu.

Nilikuwa nimemwandikia kwenye karatasi ya daftari:
Tafadhali usitupe taka dirishani.
Tafadhali mpishe mjamzito, mzee na mgonjwa.
Tafadhali punguza sauti ya simu,
mwenzio naye ana ya kwake ya kufikiri.

Akasoma huku anagusa vidole
kama anayehesabu rakaa zilizompita.
"Hii tafadhali ina herufi ngapi?"
Tisa.
"Na umeiweka mara tatu."
Akaitoa. Elfu tano na mia nne zikarudi mfukoni mwake.
Akamtoa mzee, akamtoa mgonjwa:
"Mjamzito anaonekana.
Hao wengine watajisema wenyewe."
Lile la kufikiri hakuliuliza hata bei,
alilipitishia kalamu kama anayeua sisimizi.

Nikaandika kilicholipiwa.
USITUPE TAKA.
MPISHE MJAMZITO.
SIMU KIMYA.

(Mwaka wangu wa kwanza kazini, kwenye basi la mwingine,
niliandika USITEME MTAE.
Likaenda Korogwe na kurudi miaka mitatu.
Hakuna aliyetema, hakuna aliyeuliza.)

Jumanne moja nikalipanda lile lile,
naenda Maramba, mazikoni kwa mkwe wa dada.
Saa nne asubuhi, viti vingi vitupu,
konda kalaza kichwa kwenye begi la nauli.
Nikakaa chini ya maandishi yangu
kama mtu aliyekaa chini ya deni.

Kiti cha pili, mama mmoja anamenya chungwa la Muheza.
Kisu kidogo, ganda halikatiki,
linashuka mzunguko mmoja hadi magotini.
Akamaliza. Akafungua dirisha.
Mkono ukatoka nusu, ukasita.
Akaonyesha bati kwa kidevu:
"Mwanangu, pale wanakaripia nini?
Nyekundu ile, kila nikipanda naona natukanwa,
na kusoma sikusoma."

Nikainua macho. Herufi kumi na moja.
Elfu mbili na mia mbili, zilishaliwa zamani,
mafuta ya taa na dagaa wa mezani.
Nikasoma taratibu, kidole hewani,
kana kwamba lipo:
"Tafadhali. Usitupe taka dirishani."

"Kumbe wanaomba!"
Mkono ukarudi ndani na ganda lake.
Akalikunja, akalifunga pindoni mwa leso,
pale pale penye nauli,
akanimegea nusu ya chungwa.
"Na lile la mbele?"

Nikamsomea la mjamzito.
Nikamrudisha mzee, nikamrudisha mgonjwa,
wakapanda mmoja mmoja
kwenye basi wasilolipiwa.

"Na lile la juu ya dereva?"

Lakini tulikuwa tumeshapita Mabokweni,
mikonge imeanza, mistari kwa mistari,
inafunguka na kufumba kama kitabu cha mtu mwenye haraka,
naye, kabla sijafumbua kinywa,
alishageukia kioo, taya limesimama,
kipande cha chungwa bado shavuni.
Ana ya kwake.
Sikumsomea.

Nikala changu kimya.
Mbegu nikazitia mfukoni mwa shati,
sita. Nilizihesabu.
Siwezi kuacha kuhesabu.