Nisomee Majina

Mtandao kwetu hauji nyumbani, tunaufuata.
Unakaa juu ya jiwe, nyuma ya zahanati ya Handali,
kwa hiyo kila jioni, ng'ombe wakisharudi,
napanda na simu ya kikundi, kaunta buku kwapani,
mimi Damari, mweka hazina, darasa la saba,
nikawaombe watu nisiowajua
macho ya watu ninaowajua.

Ugonjwa wenyewe ni mfupi kuueleza:
kope hugeuka zikaelekea ndani.
Kila ukipepesa, zinakwangua mboni.
Bibi Mbeleje alizing'oa kwa kibanio miaka kumi na mmoja,
zikaota tena, kama magugu kwenye uwele,
ngumu kuliko za mwanzo.

Kijana wa mjini aliyekuja kutufundisha
(siku mbili, soda, na cheti)
alisema: Wekeni picha ya usaha. Wekeni nzi.
Mtu akilia, mkono wake unaingia mfukoni.
Tukaandika. Tulikuwa na kalamu mpya.

Nikampelekea Bibi habari hiyo.
Alikuwa anapeta karanga, uso kaugeuzia kivulini.
Akasema: Nzi ninao, kweli.
Na karanga ninazo.
Zipige picha karanga.

Basi nikapiga picha mikono, ungo, vumbi likiondoka,
nikaandika chini yake: Anapeta kwa kusikia.
Mchanga una sauti yake, punje ina yake.
Jicho moja, nauli ya Mvumi kwenda na kurudi,
chakula cha siku mbili: elfu arobaini na mbili.

Asubuhi: vidole gumba sabini na kimoja,
mioyo myekundu mitatu,
na mtu wa mbali anauliza ungo unauzwa bei gani.
Hela, hakuna.
Kidole gumba hakipandi basi.

Nikakumbuka mchango wa harusi.
Nani amewahi kuchangia kadi?
Tunachanga kwa kuwa kamati inatupigia,
inatutaja, inatusumbua, inatuonyesha daftari.

Nikaanza kuweka daftari.
Kila Ijumaa ukurasa mzima, na mafuto yake:
Sabuni, 3,000. Nauli imepanda, ongeza 1,000.
Imepungua 600, nimekosea mimi, nimelipa.
Hapo ndipo simu ilipoanza kutetemeka.

Elfu moja na mia tano, mlinzi wa Kahama: samahani ni ndogo.
Elfu kumi, Sabasaba sokoni, hakutaja jina.
Mwalimu Ndahani wa Manyoni, kila mshahara ukitoka.
Na mmoja, shilingi mia tisa: nimebakiwa na hii.
Usiku ule nilishuka jiweni taratibu,
nisije nikaimwaga.

Lakini uso huoshwa kwa maji,
na bomba letu limekauka tangu mashine iungue.
Nikaipiga picha barua ya halmashauri,
ile inayosema "suala linashughulikiwa",
na chini yake nikaweka namba tu: siku ya 212.
Kesho yake, 213.
Sikumtukana mtu. Namba haitukani.
Siku ya 240 afisa akapiga, sauti kavu kuliko bomba:
Nani kawaruhusu kutuhesabia?
Nikamwambia, kalenda.
Siku ya 251 fundi alikuja. Siku ya 252 akaenda kutafuta spea.
Leo ni 263.
Naendelea.

Bibi Mbeleje kafanyiwa jicho la kulia.
La kushoto lina zamu yake, nyuma ya watu thelathini na wanane.
Siku walipomfungua bandeji aliomba simu,
akaiinua juani kama mtu anayekagua yai.
Hao walionichangia wako humu?
Wako humu, Bibi.
Mbona siwaoni? Wao wameiona mikono yangu.

Kusoma hajui. Akakaa mkekani, akakunja miguu:
Basi nisomee majina. Polepole.
Na huyo wa Kahama mwambie apige picha yake, mikono tu,
nami nione anashika nini.

Nikasoma. Chaji ilikuwa asilimia tisa.
Nilipofika Sabasaba nikasoma kama ilivyoandikwa:
Hakutaja jina.
Bibi akaitikia:
Huyo naye.