Cheti cha Ijumaa

Anaingia na baridi ya Roskomoni mabegani,
Fintan Geraghty, mnadi wa ng'ombe,
ambaye sauti yake huuza ndama mia kabla ya chai,
na leo ananong'ona kama anayeungama.

"Jumatano nina mnada, daktari. Niandikie ile."
Ile. Haina jina, haihitaji jina.
Mulvihill, aliyekalia kiti hiki kabla yangu,
aliiandika mgonjwa angali anavua kofia;
watu wakapona kwa siku saba, wakamsifu yeye,
kama jogoo anavyosifiwa kwa kuleta alfajiri.

Nawasha tochi. Sema aaa.
Koo jekundu kama mlango wa tanuri,
ila mafindofindo hayana usaha,
shingoni hakuna tezi ya kushika, homa hakuna,
na kikohozi nilikisikia tangu barazani,
kikibisha hodi kabla yake.
Nahesabu kwa vidole chini ya meza: sifuri.
Na moja ya huruma, isiyomo kwenye hesabu.

"Ni virusi," nasema. "Penisilini haivitishi."
Ananitazama anavyomtazama mnunuzi
aliyekuja mnadani kuota moto.

Dakika kumi; tisa zimekwisha.
Nje wamekaa saba, mtoto mmoja analia.
Kuandika ni sekunde ishirini.
Kueleza ni nusu saa,
na bado ataondoka akidhani nimemnyima.

Ningemsimulia Bi Attracta Lavin,
vijidudu vya figo lake vilivyozoea dawa
kama ng'ombe aliyezoea fimbo:
unapiga, anakutazama, anaendelea kula.
Ningemsimulia pia, kama ningekuwa mkweli
kuliko ninavyopenda kuwa,
yule binti niliyemrudisha nyumbani na asali,
akaletwa usiku wa tatu, kinywa hakifunguki,
jipu limekaa nyuma ya koo kama yai.
Alipona.
Mimi bado.

Basi naandika, nakikunja mara mbili.
"Hiki ni cha Ijumaa. Ukipata nafuu, kichome.
Ukishindwa kumeza mate, usingoje Ijumaa, njoo."
"Na mpaka Ijumaa ninywe nini?"
Subira, nataka kusema,
nikakumbuka ilivyo jirani na shubiri.
"Maji ya chumvi. Panadol. Na unyamaze."
"Ninyamaze!" Akacheka,
kicheko kikavunjika njiani kikawa kikohozi.

Wiki ya pili nikapita ofisi ya mnada
kumpima presha karani.
Ukutani, kwa pini, mwandiko wangu:
cheti kilekile, na pembeni, kwa kalamu ya risasi,
mitamba kumi na minne, uzito na bei,
mmoja amekatwa, ana kilema cha mguu.
Nje sauti ilikuwa inapanda, inapanda,
nani ataongeza, nani ataongeza.

Nikasimama pale na mpira wa presha mkononi.
Sijui kama aliniamini
au alikosa karatasi.