Bili ya Hewa

Niliikuta Ngara, imefunika ndoo ya maji ya kunywa,
tundu lake la katikati limezibwa kwa kizibo cha soda.
Nilikuwa nimeingia uani kusoma mita.
"Mama Nekesa, sahani hii umeitoa wapi?"
"Ni ya wapangaji wa juu, waliohama nyumba ilipouzwa.
Jalada liko kwenye debe. Haina wimbo hiyo, ina kelele tu.
Nipe mia mbili, na kesho uniletee kifuniko."

Nilimpa mia tatu. Mkono ulitetemeka
nikaandika tarakimu za mita kinyumenyume.

Jalada halina picha. Lina muhuri:
nakala ya arubaini na moja kati ya mia tatu.
Na nyuma, kwa kalamu ya risasi, mwandiko wa kijana:
Upande wa pili usipigwe Mama akiwa nyumbani.

Ninazo sitini na tatu za namna hii, chini ya kitanda,
zimesimama wima, maana zikilala hupinda.
Gathogo wa Kenyatta Market huniwekea kasha la peke yangu
lililoandikwa MENGINEYO.
"Wenzako hununua viuno," huniambia,
akifuta vumbi kwenye rumba za wateja wa maana,
"wewe wanunua maumivu ya kichwa."
Kisha hunipunguzia hamsini, kwa huruma.

Jioni ile mabomba yalikuwa makavu, siku ya tatu.
Nilikuwa na maji nusu chupa.
Nikaiosha kwayo. Tone la sabuni, kipande cha fulana kuukuu,
nikafuata mfereji kwa mfereji, duara kwa duara,
mpaka weusi ukanirudishia balbu ya chumba changu.
Nikalala na kiu? Sikulala.

Upande wa kwanza ni adabu tupu:
besi inatembea, ngoma inaisindikiza hadi mlangoni.
Nikageuza.

Shuleni tulihesabu mizani kwa vidole,
nane ukwapi, nane utao, kina mahali pake,
na mwalimu Shiundu akigonga meza kwa rula.
Nilijaribu kuhesabu.
Vidole viliisha, vya mikono na vya miguu,
kabla saksafoni haijavuta pumzi.
Ilikohoa. Ikapiga chafya. Ikapiga mluzi mwembamba
kama mtu anayepenya pasipo mlango,
na ngoma haikuifuata, ilikuwa ikipanga vyombo jikoni,
na kuviangusha, na kuvipanga.

Mimi sauti hiyo naijua.
Maji yakikatwa kisha yakarudi, kwanza huja hewa.
Bomba hutapika upepo, huguna, huita,
na mita, mjinga wa chuma, huzunguka kwa hewa
kama inavyozunguka kwa maji.
Watu hulipia.
Miaka kumi na mmoja nimetukanwa nyuani
kwa sababu ya hewa hiyo: Tutakunywa upepo, wewe?
Nami husema, mama, mita haidanganyi,
nikijua inadanganya.

Sasa nimekaa sakafuni na hewa ya mtu nisiyemjua,
aliyeipuliza kwenye bati la shaba kabla sijazaliwa,
mia tatu taslimu,
na sioni aliyeibiwa.

Ndipo nikasikia milango ikifunguka ukumbini.
Ndoo. Madumu. Kandambili zinakimbia.
"Yamerudi! Yanakuja! Sikia bomba!"
Jengo zima limesimama mbele ya mfereji wa ngazini,
mfereji umenyamaza,
na saksafoni yangu inaendelea kukohoa.

Walinijia mlangoni. Sitayaandika waliyoyasema.
Mmoja mmoja wakarudi na madumu matupu,
isipokuwa Adagala wa chumba namba saba,
fundi wa viatu, mtu wa maneno machache,
ambaye aligeuza ndoo yake juu chini, akaikalia,
akainamisha sikio.

"Rudisha," akasema.
"Wapi?"
"Hapo ilipokuwa kama inataka kuja."