Mara ya Pili

Mimi ndiye niliyeshika taa.
Kwenye majina yanayopanda mwishoni hutaniona,
hawakuniuliza langu:
Sefu Kilua, wa Kiomoni, kibarua wa siku tatu,
elfu ishirini kwa siku, na wali.

Walikuja kutoka Dar na magari manne,
wakatandaza nyaya mdomoni mwa pango la Amboni
kama wanaotaka kuling'oa jino.
Kipindi chao ni cha watu na hofu zao.
Moshi walimlaza mtu na chatu,
Dodoma walimning'iniza mwingine kwenye mnara wa simu,
na Tanga ikawa zamu ya popo.

Mwalimu Mwantumu Semboja,
hisabati, darasa la sita, Mabokweni.
Miaka thelathini na nne hatoki baada ya magharibi
bila khanga mbili kichwani,
tangu usiku wa harusi ya shangazi yake
popo aliponasa kwenye nywele zilizosukwa siku ileile
na bibi akakata kwa mkasi,
nywele na bawa pamoja.

Daktari wao wa nafsi, kijana mwenye miwani,
alisema hofu ni deni:
ulipe lote siku moja, au ulipe riba maisha yako yote.
Mwalimu akamtazama.
"Riba ya asilimia ngapi?"
Aliyecheka ni mimi tu.

Wakampaka papai lililoiva, mabega na shingo.
Wakazima zote, wakaniachia hii moja.
Nikalisikia dari likiamka,
kama daftari elfu zinafunguliwa kwa mpigo.
Magoti yake yaligongana.
Mkojo ukamtoka; nikaipeleka taa pembeni.

Kisha akaanza, kwa sauti ya darasani:
kumi na saba mara moja, kumi na saba.
Kumi na saba mara mbili, thelathini na nne.
Alipofika mara sita, mmoja akamtua mkononi,
mdogo, wa moto kama kiazi cha jivuni,
akawa analamba.
Mwalimu akanyamaza, akamwinamia.
"Ana masikio ya marehemu babu,"
akasema, na akacheka kwa puani,
kama mtu aliyekuta noti kwenye koti la mwaka juzi.

"Kata!"
Betri ya kamera kubwa ilikuwa imekufa
tangu mara ya tatu.
"Tunarudia. Na safari hii, mwalimu, tuogopee kidogo.
Piga yowe. Nchi nzima inakutazama."

Likaletwa papai jingine.
Akapiga yowe la kupukutisha vumbi,
akalia hadi kidevu kikalowa,
akaanguka palepale alipoonyeshwa, penye alama ya chaki.
Hiyo ndiyo mliyoiona Ijumaa.
Hiyo ndiyo iliyomliza muuza kahawa wa Barabara ya Nane
akasahau kupokea pesa.
Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko;
hawakusema kikifika
kinamkuta nani.

Milioni tano, baada ya makato, zilikuwa tatu na kitu.
Akaezeka nyumba.
Watoto wa shule humpungia masweta kama mbawa,
naye huwaongezea hesabu za nyumbani.
Ila mtu akiinua simu,
hata kama anapiga picha ya mbuzi wake,
mkono wa mwalimu hupanda kichwani kuitafuta khanga.

Juzi, kabla ya isha, nilimkuta njia ya pangoni,
baiskeli ameiegemeza kwenye mkonge,
kichwa wazi, mvi kidogo kwenye paji.
Popo walikuwa wanatoka, wengi, bila haraka.
"Wewe uliona," akasema. Halikuwa swali.
"Niliona."

Sikuwa na neno jingine.
Nikamwuliza kumi na saba mara tisa.
"Mia hamsini na tatu,"
akajibu,
macho hajayashusha.