Hisabu ya Arubaini

Mize kaenda Konde kujifungua kwao,
nami nimefika Ijumaa, kalamu sikioni.
Siku arubaini za kukandwa.
Maji ya moto mara mbili kwa siku,
sufuria ya shughuli, ile ya kuazima.

Sufuria moja hula vifuu kumi na viwili,
vikavu. Kibichi usikihesabu,
hicho hutoa machozi, hakitoi mvuke.
Mara mbili, ishirini na nne.
Mara arubaini: mia tisa na sitini.

Nikashusha pumzi.
Nazi moja vifuu viwili,
na nyumba hii hukuna nazi mbili kwa siku.
Nikauliza bei ya polo la mkaa,
nikauliza kuni za mkarafuu,
nikajiuliza baiskeli nitamuuzia nani.

Mkwe wangu, Bi Mkasi, alikuwa akichagua mchele.
Hakuinua uso.
"Panda uchagani," alisema, "uangalie kichwa."

Vifuu.
Vimepachikana kimoja ndani ya kimoja
kama vikombe vya msibani,
safu kwa safu hadi kwenye makuti,
vina masizi, vina buibui.
Nikavihesabu mpaka magoti yakafa ganzi.
Vilizidi vitatu.

Vinne kwa siku. Miezi minane.
Nikairudisha miezi nyuma kwa vidole:
Mize alikuwa hajaniambia kitu.
Mize mwenyewe, siku ile tulipokuja kusalimia,
alitoka mbio hadi nyuma ya choo,
akarudi akifuta mdomo kwa kanga,
akasema ni samaki tu, wa jana.