Kadi ya Maelezo

Nina kibanda cha upana wa mikono yangu miwili,
Nakuru, nyuma ya soko,
kati ya fundi saa na muuza mbegu za sukumawiki.
Nanunua sufuria zilizotoboka, naziyeyusha,
nazimimina kwenye matundu ya mchanga,
zinatoka shanga nzito kidogo,
rangi ya wingu lililokataa kunyesha.

Wateja huzipima kiganjani, huuliza:
"Na hii, maana yake?"
Basi nikachapisha kadi.
Duara: umilele. Pembetatu: mwanamke.
Nukta zilizofuatana: ngamia safarini.
Shilingi mia zaidi kwa kila maana,
na hakuna aliyewahi kuomba nipunguze umilele.

Mama yangu, Asekon, hakuwa na kadi.
Alikuwa na pete ya chuma shingoni
aliyofungwa Lokichar siku alipoolewa na Lomeri.
Haikufunguliwa kwa uzazi wala kwa matanga,
wala mwaka ule laga ilipokuja usiku bila hodi
ikabeba mbuzi kumi na tisa
na mdogo wangu, ambaye hatumtaji.

Mwezi wa nne nikamleta hospitali.
Kikohozi kilimwandama kama deni.
Kijana wa eksirei, koti jeupe, sauti ya upole,
akasema, "Mama, vyuma vyote tuvue."
Vipuli vikatoka. Bangili zikatoka,
moja kwa mate, nyingine kwa sabuni.
Shanga, uzi kwa uzi, zikajaza beseni
mpaka nesi akaleta la pili.
Pete ikagoma.

"Fundi ni nani hapa?" kijana akatania.
Nikasema, mimi.

Koleo lilikuwamo mkobani.
Mikono hii, iliyokata sufuria nisizozihesabu,
ikatetemeka juu ya chuma chembamba kama kidole.
Mama hakunitazama.
Alitazama dirishani, Menengai ndani ya ukungu,
akasema kwa lugha yetu:
"Kata nyuma. Mbele ni pa baba yako."

Ililia kidogo, kama jino la mtoto likitoka.
Chini yake palikuwa na ngozi nisiyowahi kuiona,
ukanda mwembamba, mwororo,
mweupe kwa kadiri ngozi yetu inavyoujua weupe,
ngozi ya msichana wa miaka kumi na saba
aliyesimama kwenye jua la asubuhi, akingoja,
mimi sijawa hata wazo.
Nikaigusa.
Akaniacha niiguse.

Picha ilionyesha kivuli pafu la kushoto.
Vidonge miezi sita. Akavimeza vyote, akiwatukana.

Alipopona nikawasha moto, nikataka kuichomelea.
"Acha," akasema. "Mimi ninalijua lilipokaa."
Akarudi Lokichar na shingo tupu,
leso akiifunga chini kidogo, ili paonekane.

Sasa pete imening'inia kwenye msumari, juu ya jiko.
Jana bibi mmoja wa Naivasha, miwani kichwani,
aliizungusha kwa kidole:
"Hii ndiyo nzuri kuliko zote. Maana yake?"
Nikafungua mdomo, kadi ikatangulia kusema:
duara...
nikakwama.
Si duara tena. Ina mlango nyuma,
upana wa ncha ya koleo.

Bibi akangoja.
Nikamtajia bei ya shanga.